Kozi ya Mihogo ya Papa Assumani

Kwa miaka ishirini na sita Papa Assumani Radjabu alifundisha magonjwa ya mimea katika chuo kimoja cha Makiso, hapa Kisangani, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi aliyemwona akishika chaki. Haukuwa uvivu. Ndivyo wakubwa wake walivyomlea, na ndivyo wengi wa rika lake wanavyofanya mpaka leo: mwalimu anasema, msaidizi wake anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili. Mwalimu mwenyewe hutembea kati ya madawati, mikono mgongoni, akitoa imla polepole kama mtu anayesikiliza redio ya jirani huku akisema.

Kozi yake, kwenye karatasi za chuo, ilikuwa na jina refu la Kifaransa. Wanafunzi waliiita mihogo ya Papa Chef, maana kwenye mihogo ndiko alikokaa zaidi: majani yanayojikunja na kutoka madoa ya njano, shina linalokauka kuanzia juu, mzizi unaoung'oa ukidhani umepata chakula, ukiukata unakuta ndani umeoza rangi ya kahawia. Aliyajua mashamba ya barabara ya Buta na ya barabara ya Ituri. Alijua mama gani wa Yanonge alibadilisha mbegu mwaka gani, na kwa nini alijuta. Hakuwa profesa. Alikuwa chef de travaux, cheo cha katikati, na alizeekea hapo hapo.

Sasa kuna jambo ambalo watu hawakulijua. Kwa miaka minne Papa Chef alikuwa haoni.

Halikuwa giza la siku moja. Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula kutoka pembeni kuja katikati, na daktari alipompima alimwambia bila kuzunguka kwamba kilichokwisha kuliwa hakirudi. Akabakiwa na mwanga na vivuli. Aliweza kujua dirisha liko wapi, na kama mtu amesimama kati yake na dirisha. Zaidi ya hapo, hakuna. Mke wake, Mama Safi, alijua, kwa kuwa ndiye aliyempakulia na kumwambia samaki yuko upande gani wa sahani. Mwenye pikipiki aliyemchukua kutoka Kabondo kila asubuhi alidhani ni mzee wa heshima tu, anayependa kushushwa mlangoni kabisa. Na Micheline alijua.

Micheline ndiye aliyekuwa msaidizi wake, mwanamke wa miaka arobaini na moja, binti wa wavuvi wa Isangi, mwenye mwandiko ambao hata waliokaa nyuma kabisa waliusoma bila kukunja macho. Aligundua peke yake. Siku moja aliandika jina la ugonjwa kimakosa, na Papa Chef, ambaye zamani hakuacha hata nukta impite, alilipita bila kusahihisha. Kesho yake Micheline akasimama na chaki mkononi, asiandike kitu. Ubao ukabaki mtupu. Papa Chef akatembea, akageuka, akanyoosha mkono, akasema, "Kama munavyoona hapo ubaoni." Wanafunzi wakacheka, wakidhani mzee leo ameamka vizuri. Micheline hakucheka. Aliandika haraka haraka, na somo lilipokwisha akamshika kiwiko pale kwenye ngazi.

"Tangu lini, Papa?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na juu ya nini hukusema?"

"Niseme kwa nani, mama? Kwa bale balimupa Ismaël barua?"

Ismaël alikuwa mwalimu mwenzake. Alipooza upande mmoja, ulimi ukawa mzito, na kabla hata hajajaribu kurudi darasani chuo kilimpelekea barua nzuri ya kumshukuru na kumpumzisha. Alikaa miezi saba kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba yake, kisha akafa. Papa Chef alikwenda kumwona mara nyingi kipindi kile. Alichokumbuka si ugonjwa. Alikumbuka kwamba Ismaël, mtu aliyekuwa hanyamazi, alikuwa ameacha kuuliza habari za chuo.

Kwa hiyo Micheline akanyamaza naye. Alimhesabia ngazi. Alimsomea kazi za wanafunzi kwa sauti, moja baada ya nyingine, naye akatoa maksi akiwa amefumba macho, na maksi zake zilikuwa za haki kuliko za waliokuwa wanaona. Kozi nyingine mbili alizokuwa nazo zamani zilikuwa zimekwisha kugawiwa vijana. Ilibaki hii moja ya mihogo. Alipoamka asubuhi, hiyo ndiyo iliyomvalisha shati.

Basi, ikatokea ile ajali ya boti. Chuo kilikuwa kimefungua matawi mtoni, Isangi na mbele yake, na wanafunzi wa huko walipanda kuja Kisangani kwa majaribio na mitihani. Boti moja ya mbao, imejaa magunia na watu, ilipinduka alfajiri. Wanafunzi kumi na mmoja wa chuo hawakuonekana tena. Wawili walikuwa wa kozi yake. Sauti zao alizijua, mmoja alikuwa na kigugumizi kidogo kila alipoanza swali. Baada ya matanga wakubwa wa chuo wakakata shauri: kuanzia mwaka mpya, masomo ya matawi yatapita kwenye mtandao, asipande mtu boti kwa ajili ya kusikia somo. Papa Chef hakuwa na neno la kupinga. Nani angelipinga?

Ila kulikuwa na sharti. Walimu wote watafunzwa kufundisha kwa mtandao, kila mmoja atapewa tableti, na mwisho kila mmoja atatoa somo la kujaribiwa. Asiyeweza, kozi yake itapewa anayeweza.

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wa chuo, siku tatu, feni zikizunguka pale umeme ulipotaka. Mkufunzi aliitwa Jephté, kijana wa Kabondo aliyesomea mambo haya Kinshasa, mwenye sauti ya upole na haraka isiyokwisha. Mwanzoni aliomba radhi: mafunzo yalipangwa siku tano, wafadhili wamekata mbili, donc watakimbia kidogo. Na kweli walikimbia. Bonyeza hapa, fungua hapa, vuta hii, weka pale. Walimu wenye mvi waliinama juu ya vioo vyao kama watu wanaochambua mchele.

Papa Chef alikaa safu ya pili, tableti magotini, akisikiliza. Kila neno "hapa" lilimpita. Hapa wapi? Kijana alikuwa anafundisha kwa kidole.

Pembeni yake alikaa Landry, mwalimu wa historia, mtu wa maneno.

"Assumani," Landry alimnong'oneza, "weye unasikiliza kama mutu iko msikitini. Kioo yako imezimika tangu asubuhi."

"Ninaichungia umeme," alisema Papa Chef.

Landry akacheka mpaka Jephté akageuka. "Batu ya Maniema," Landry akaiambia safu nzima, maana kwao Papa Chef ni huko. "Hata moto ya tableti banaweka akiba."

Siku ya pili Jephté alianza kuwaita mmoja mmoja mbele, kioo chao kikionekana kikubwa ukutani, wafanye alichofundisha. Zamu ya Papa Chef ilipofika, alisimama, akakaza tai, akasema kwa sauti yake ya darasani: "Micheline, waonyeshe."

Ukumbi ukacheka. Walicheka kwa mapenzi; walimwona ni mzee wa zamani asiyegusa kazi ya mkono. Micheline akaenda mbele akafanya kila kitu bila kukosea. Jephté alisubiri amalize.

"Papa Chef, samahani," alisema. "Mu darasa ya mtandao hakuna kutuma mutu. Kila mwalimu iko peke yake na kioo yake."

"Nimesikia, mwanangu. Nitaifanya siku yenyewe."

Jephté akaandika kitu kwenye karatasi yake, na akaita jina linalofuata. Hapo palikuwa mahali pa kusema. Papa Chef alilijua hilo alipokuwa anarudi kukaa, akihesabu hatua nne na nusu, na goti likagonga ubao wa kiti. Palikuwa na watu arobaini ndani, na katika hao arobaini wale walioandika barua ya Ismaël walikuwa watatu. Akakaa.

Wiki iliyofuata Micheline alikuja Kabondo kila alasiri kumtayarisha. Shida ya kioo ni kwamba ni laini kote. Kidole hakijui kiko wapi. Micheline akakata plasta ya kidonda vipande vidogo, akavibandika juu ya kioo: kimoja pa kuingilia, kimoja pa kufungua sauti, kimoja pa kutokea. Papa Chef akajifunza vile vipande kama mtoto anavyojifunza namba. Aliingia, akafungua, akatoka. Mara ya kumi hakukosea hata mara moja, na Mama Safi aliyekuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, nje akasikia anajichekea.

"Inabakia maswali," Micheline alisema.

"Maswali iko na nini? Watauliza, nitajibu."

"Papa, pale habaulize kwa mdomo. Sauti inakula mega mingi ya mtandao. Banafunzi bote banaandikaka. Maandishi yanatokea hapa chini kwa kioo, na mwalimu anasoma."

Nje kinu kiliendelea.

"Nitawaambia mwanzo baache maswali mpaka mwisho," alisema. "Na mwisho bafungue sauti. Mega ya dakika tano haikosekane."

"Ao nikae pembeni yako, chini, nikusomee polepole. Hata hutaonekana unageuka."

"Jina yako iko kwa liste ya ukumbini. Nani atakusainia? Na wakisikia sauti ya mwanamuke inanong'ona?"

"Basi tumwambie Jephté. Yeye peke yake. Ule kijana hana ubaya."

"Micheline."

"Papa, ni neno moja tu. Macho yangu haione muzuri. Basi. Hata hauna lazima ya kusema yote."

"Ukisema neno moja, wenzako wanalimaliza," alisema Papa Chef. "Mimi nalikaa na Ismaël. Wewe hukukaa naye."

Micheline akakusanya mabaki ya plasta, akaaga.

Siku ya jaribio ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Kila mwalimu angefundisha akiwa nyumbani kwake, dakika arobaini na tano. Kwa upande mwingine wangekuwapo Jephté na wakubwa wawili wa chuo, walimu wenzake wakiwa ukumbini, na wanafunzi ishirini wa Isangi, wa kweli, waliokusanywa kwenye chumba chenye jenereta. Jephté alikuwa ametoa maagizo: zimeni simu zenu, zisilie katikati ya somo. Papa Chef akaizima ya kwake. Mama Safi akamnyooshea shati jeupe, akamfunga tai, akaiegemeza tableti kwenye pipa la unga lililofunikwa kitambaa, akatoka na kufunga mlango.

Akapapasa plasta ya kwanza. Akaingia. Akapapasa ya pili.

"Bonjour Papa Chef," ilikuja sauti ya Jephté, na nyuma yake mchanganyiko wa sauti, kikohozi, kiti kinachoburutwa, mtu wa Isangi akisema kwa Lingala wamwache naye aone. "Sisi wote tunakuona. Ili kusiwe na kelele, mimi nimefunga sauti za wote kutoka huku. Endelea, Papa. Darasa ni lako."

Sauti zote zikakatika mara moja, kama mlango umefungwa.

Papa Chef alikuwa amepanga kuwaambia wafungue sauti mwishoni, na sasa zilikuwa zimefungwa na mtu mwingine. Alisita. Kisha akaanza, kwa sababu kuanza ndicho kitu alichokijua.

Alianza na shamba. Aliwaambia wamwone mama anayekwenda shambani Jumatatu, anakuta majani ya muhogo yamejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Anafanya nini? Analaumu udongo, analaumu jirani, analaumu mwezi. Halafu anakata shina la mmea ule ule mgonjwa, anampelekea dada yake wa kijiji cha pili kama mbegu, zawadi. Ndivyo ugonjwa unavyosafiri Tshopo, alisema, haupandi upepo tu wala hauna mabawa ya nzi peke yake. Unasafiri kwa ukarimu wetu. Alihisi sentensi hiyo ikikaa mahali pake. Ting, ilisema tableti. Ting. Alijua kutoka kwa Micheline kwamba hiyo ni sauti ya mtu anaandika. Wanafuata, alijiambia.

"Maswali mutayaweka mpaka mwisho," alisema. "Endeleeni kuandika."

Ting, ting, ting. Zilikuja nyingi, zikafuatana, na kila moja ilimpa nguvu. Hata darasani hakuwahi kuwapata hivi. Akaingia kwenye nzi mweupe, akaingia kwenye jinsi ya kugeuza jani na kutazama chini yake, akaeleza rangi ya madoa jinsi alivyoyaona kwa mara ya mwisho, miaka mingi iliyopita, kwenye jua la saa nne barabara ya Buta, na alivyoyaeleza akayaona tena. Baadaye ting zikapungua. Kisha zikaacha. Akafikiri, sasa wametulia, sasa kalamu ziko kwenye karatasi. Akapunguza mwendo ili wanakili vizuri.

Alikuwa kwenye uozo wa mizizi aliposikia pikipiki imesimama nje, na Mama Safi akisema, "Taratibu, iko anafundisha." Mlango ukafunguliwa. Kivuli kikaingia kati yake na mwanga, kikabaki hapo hapo. Kilikuwa kinahema. Alinyoosha kidole kukionya kisikaribie mbele ya kioo, akaendelea. Kivuli hakikusogea. Akamaliza mizizi, akafunga somo kama alivyofunga kila mwaka, kwa kuwaambia waende wakang'oe muhogo mmoja kwao nyumbani wauangalie ndani kabla ya kuamini lolote alilosema. Akawashukuru. Akapapasa plasta ya mwisho, akabonyeza, akaegemea nyuma. Shati lilikuwa limelowa mgongoni.

"Micheline?" alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Umeacha ukumbi juu ya nini? Ilikuwa muzuri, hapana? Baliandika sana. Nilikuwa nasikia."

Micheline aliinamia tableti, akasoma kioo.

"Papa, ulikatika."

"Nani alikatika?"

"Connexion ya mtandao. Dakika ya kumi na mbili. Kioo ilikuuliza kama unataka kurudi. Iko inakuuliza mpaka sasa."

Papa Chef alinyoosha mkono kuelekea tableti, kisha akaurudisha.

"Na mbele ya kukatika? Zile ting?"

"Balikuwa banaandika kwamba sauti haifike muzuri. Na picha iko ya dari. Tableti iliteleza kidogo, tuliona dari na taa. Baliandika bote. Jephté aliandika mara tatu, Papa Chef, inua kidogo. Nami niliandika. Sauti ilikuwa imefungwa, hakuna mutu angeweza kusema, na yeye alitafuta kuifungua, na hapo hapo ukakatika. Nilipiga simu yako."

"Niliizima. Balisema tuzizime."

"Ndiyo."

"Landry?"

"Landry aliandika kama mwenzetu iko anaimbia dari. Batu balicheka."

Micheline alisema hivyo kwa sababu aliulizwa, na kwa sababu katika miaka yote ile hakuwa amemsomea kitu cha uongo hata mara moja. Mama Safi alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya chakula mkononi, akakosa pa kuiweka.

"Ule muda mwingine wote," alisema Papa Chef. "Dakika thelathini na tatu."

"Nilisikia za mwisho, Papa. Mimi nilizisikia."

Kesho yake alasiri Jephté alikuja mwenyewe Kabondo, bila kutumwa. Micheline alikuwa amemwambia habari za macho. Alikaa kwenye kochi, akakataa soda, akaikubali, asiinywe. Akamwomba Papa Chef simu yake, akahangaika nayo kidogo, na ghafla simu ikaanza kusema. Sauti ya mwanamke, Kifaransa kikavu, ikataja saa, ikataja jina la Mama Safi kwenye namba zilizopigwa, ikasoma ujumbe wa kampuni ya simu neno kwa neno.

"Inasoma kila kitu kidole kinapogusa," Jephté alisema. "Hata maswali ya banafunzi. Tableti pia inaiweza. Iko ndani tangu ilipotoka kiwandani."

Papa Chef aligusa kioo. Kikamwambia kilichokuwa chini ya kidole. Akagusa tena.

"Tangu ilipotoka kiwandani," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Na mafunzo yako haikuwa na hii?"

"Ilikuwa siku ya nne." Kijana alikohoa. "Siku ya nne ilikuwa ya walimu na wanafunzi wasioona muzuri, wasiosikia muzuri. Walikata. Nilifikiri mwenye shida atakuja mwenyewe kuniambia. Papa, juu ya nini hukuniambia? Ile siku ya pili, ulipomtuma Mama Micheline. Mimi niliandika kama unadharau mafunzo."

"Uliandika hivyo?"

"Niliandika. Na rapport ilienda jana jioni. Leo asubuhi nilikwenda kuiomba irudi. Balisema jaribio ni jaribio. Na sasa balijua juu ya macho." Akasugua magoti. "Mmoja alisema, kumbe njo maana. Kama vile nimemuletea dawa, kumbe nimemuletea sababu."

Papa Chef hakumgombeza. Baadaye Mama Safi alimuuliza kwa nini hakumgombeza, akasema kijana alikuwa anatetemeka, kochi lilikuwa linasema.

Barua ilikuja baada ya siku kumi na mbili. Mama Safi alikuwa sokoni, na Papa Chef hakutaka kumsubiri. Akaipiga picha kwa simu, kwa shida, mara sita, mpaka ile sauti kavu ikaweza kuisoma. Ilimshukuru kwa miaka ishirini na sita. Ilimtakia mapumziko mema. Ilisema kozi ya magonjwa ya mimea, kwa ajili ya kutokatiza masomo, imekabidhiwa mwenye kuifahamu zaidi, Micheline, msaidizi. Jina lake mwenyewe, Assumani Radjabu, sauti ililisoma vibaya, kwa namna ya Ulaya.

Micheline alikuja siku mbili baadaye. Alibisha hodi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka.

"Ingia, Professeur," alisema Papa Chef.

"Papa, usiniite hivyo."

"Nikuite nini? Miaka yote ulikuwa kwa ubao. Sasa uko mbele."

Aliacha neno lile likae, kwa sababu alitaka limwume mtu. Micheline alibaki wima. Kivuli chake kilikuwa dirishani.

"Nilikataa," alisema. "Niliwaambia hapana. Balisema kama si mimi, kuna kijana mumoja, ndugu ya mukubwa fulani. Ule hajaona hata muhogo mugonjwa. Angesoma kitabu ya Brésil. Na kama ningekubali mbele ya kukuuliza, ni mbaya. Kama ningekataa, ni mbaya. Nilikubali. Sasa nimekuja kukuuliza, na nimechelewa. Ukinifukuza, nitaenda."

Mlango wa jirani ulifunguliwa, ukafungwa.

"Una daftari?" Papa Chef aliuliza mwishoni.

"Niko nayo."

"Ile ya zamani iko na makosa. Mambo ya mizizi niliyabadilisha kichwani, hayakuandikwa mahali. Kaa."

Akakaa. Mzee naye akajisogeza mbele ya kiti, mikono magotini, akatafuta mahali pa kuanzia. Akasema kichwa cha kwanza. Akasema sentensi ya kwanza, akasubiri kalamu iifikie, kama alivyozoea. Hakusikia kalamu. Alisikia tu feni ya jirani, na Micheline akipumua.

"Huandike?"

"Nimeweka simu, Papa. Inachukua sauti. Iko muzuri kuliko mimi, haikose neno."

"Kwa hiyo si lazima nirudie."

"Hapana, Papa. Ukisema mara moja, imetosha. Banafunzi ba Isangi bataisikia hivyo hivyo, mwaka huu na ule mwingine. Bameniruhusu. Sauti iwe yako, mimi nitajibu maswali."

Mwaka huu na ule mwingine. Alizoea kuisema kozi hii tangu mwanzo kila Novemba. Kila Novemba ilikuwa na mwaka mwingine mbele yake, na kilichosahauliwa mwaka huu kiliwekwa mwakani. Papa Chef alipanguza uso kwa kitambaa, akauliza simu iko upande gani. Micheline akamshika mkono, akauweka kwenye meza, karibu nayo.

"Inachukua muda gani mbele ya kujaa?"

"Iko na nafasi mingi, Papa."

"Basi tuanze upya," alisema. "Ile ya kwanza ifute. Niliisema mbio."

Akaanza tena, polepole zaidi. Kwenye ukurasa ambao kwa kawaida ungechukua dakika tano, alikaa robo saa. Alikumbuka shamba la barabara ya Ituri, akaliweka. Alikumbuka mama wa Yanonge na kosa lake, akaliweka. Alikumbuka swali la yule kijana mwenye kigugumizi, ambaye mto ulimchukua, akalitaja swali pamoja na jina la kijana na kulijibu kikamilifu, kwani siku ile muda ulikuwa umekwisha na alimwambia atamjibu wiki ijayo. Mama Safi aliingia na pondu na wali, akaona, akarudi nazo jikoni. Micheline hakutazama saa. Ilipofika jioni walikuwa bado kwenye majani, hawajafika kwenye shina, na Papa Chef aliuliza kama kesho anaweza kuja mapema.